Mkahawa, Kumbukumbu na Ulafi: Kusoma Upya "Tumbo Lisiloshiba"

1. Suala lenyewe

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kitenzi "kula" kimekuwa mali ya siasa. Mhakiki akikutana na mhusika anayekula, mara humwona mlafi. Akikutana na tumbo, humwona mnyang'anyi wa mali ya umma. Si bure kwamba imekuwa hivyo. Lugha yenyewe ndiyo iliyofungua njia, kwani katika Kiswahili mtu hula rushwa, hula riba, hula njama, hula amana ya yatima na hula jasho la mwenziwe. Nomino "ulaji" nayo imekwisha kutoka jikoni na kuingia ofisini. Hata hivyo, lugha hiyo hiyo humwambia mzee kwamba amekula chumvi nyingi, na kwa maneno hayo humtukuza. Kula, basi, si dhambi katika Kiswahili. Kula ni kipimo, na kipimo hicho huweza kumpima mwema kama kimpimavyo mwovu.

Makala haya yanaichunguza hadithi fupi ya Said Ahmed Mohamed iitwayo "Tumbo Lisiloshiba", iliyotolewa mwaka 2016 katika diwani ya "Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine" chini ya uhariri wa Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Kwa kuwa diwani hiyo ilipata kuwa kitabu teule katika shule za sekondari za Kenya, hadithi hii imefafanuliwa mara nyingi, na karibu kila ufafanuzi umeelekea upande mmoja: unyakuzi wa ardhi, tabaka la juu na tabaka la chini, jitu na wanyonge. Ufafanuzi huo si wa makosa, lakini una upungufu. Umemtazama anayekula mno, ukawasahau wanaokula kwa kiasi. Umeyaona mabuldoza, lakini haukuuliza ni kitu gani hasa kilichobomolewa. Madai ya makala haya ni kwamba bila ya kuielewa starehe ndogo ya mkahawa wa kawaida, yaani raha ya chakula cha mazoea mahali pa mazoea, ubaya wa Jitu hauwezi kupimwa sawasawa.

2. Mahali na majina yake

Inafaa kuanza na majina. Neno "mkahawa" limetokana na "kahawa", nalo latukumbusha kwamba asili ya mahali hapa ni kinywaji na mazungumzo kabla ya kuwa wali na mchuzi. Katika Mji wa Kale wa Mombasa asili hiyo bado inaonekana. Muuza kahawa hubeba dele lenye makaa chini yake, kahawa ni chungu na ina tangawizi, vikombe ni vidogo, na kashata hutafunwa kando ili kuupoza uchungu. Hapo mnywaji hanunui kahawa tu. Hununua ruhusa ya kukaa barazani na kusikiliza habari. Tanzania Bara wengi husema "mgahawa", na huko mwanamke apikiaye watu wa mitaani amepewa jina zuri la "mama ntilie", jina ambalo ni ombi la mteja lililogeuka cheo cha mpishi. Nchini Kenya neno la kawaida ni "hoteli", na mgeni hushangaa kuambiwa kwamba hoteli haina hata kitanda kimoja. Chini ya hoteli kuna "kibanda". Neno hili linataja ukuta wa mabati au wa turubai, lakini kila mtu hujua kwamba limekusudia chapati, maharagwe na chai.

Majina ya masoko nayo yana kumbukumbu zake. Kariokor ya Nairobi, mahali panapojulikana sana kwa nyama choma, imebeba jina la Kikosi cha Wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam. Soko la Burma lililo jirani yake limechukua jina la nchi ambamo askari wa Kiafrika walipigana katika Vita vya Pili. Mtu akaaye hapo kula ugali kwa nyama anakula juu ya historia ya watu waliobebeshwa mizigo na bunduki za wengine. Huenda hajui, lakini lugha inajua kwa niaba yake.

Vyakula vyenyewe ni msamiati wa safari. Pilau na biriani vimefika pwani kwa njia ya Uajemi na Bara Hindi. Chapati imetoka Bara Hindi. Mahamri yana hamira ya Waarabu ndani ya jina lake. Meza vinapoandaliwa ina jina la Kireno na sahani ina jina la Kiarabu. Mbaazi za nazi zinapoliwa kwa mahamri asubuhi, hakuna mlaji anayeliona hilo kuwa jambo la kigeni. Hiyo ndiyo maana ya chakula cha mazoea: kigeni kilichokaa muda mrefu hata kikawa cha nyumbani. Wanaobishana kuhusu Kiswahili safi na Kiswahili kilichochanganyika wangefaidika kuutazama ubao wa bei ukutani kabla ya kuendelea na ubishi wao.

3. Sarufi ya mezani

Mkahawa una sarufi yake, na sarufi hiyo haijapewa haki yake na wanaisimu. Mambo mawili yatosha kutajwa hapa kwa sababu yanahusiana na hadithi inayochunguzwa.

La kwanza ni upatanisho wa idadi. Katika hoteli za bara mteja huagiza "maandazi mbili", si "maandazi mawili". Huagiza "ugali mbili" na "wali moja", ingawa ugali na wali ni vitu visivyohesabika. Mwalimu wa sarufi hukemea. Lakini ukiitazama kauli hiyo kwa makini, utaona kwamba ina mantiki. Idadi haikupatanishwa na chakula, bali na sahani isiyotajwa: ugali (sahani) mbili, wali (sahani) moja. Kutoka hapo mazoea yameenea, hata "chai mbili" ikasemwa na watu wasiofikiri juu ya vikombe viwili. Kinachohesabiwa mkahawani ni fungu la mtu mmoja. Sarufi ya mkahawa, kwa maneno mengine, ni sarufi ya kiasi: kila mtu na sahani yake, kila sahani na mwenyewe.

La pili ni kumwita mlaji kwa jina la chakula chake. Mhudumu mwenye haraka humwambia mwenziwe, "Pilau hajalipa," au, "Chapati anataka maji." Ngeli ya vitu imeachwa, na kiambishi cha viumbe wenye uhai kimeshika mahali pake. Chakula kimepandishwa daraja kikawa mtu. Jambo hili lipo katika lugha nyingine za dunia pia, lakini katika Kiswahili lina uzito wa pekee, kwa kuwa upatanisho hauachi kitu kifichike. Kila anenapo, msemaji hulazimika kuamua kama anamtaja mtu au kitu. Mhudumu ameamua kwamba pilau iliyo mbele ya mtu ni mtu.

Mambo hayo mawili yawekwe akilini hadi hadithi ya Jitu itakapofikiwa.

4. Mkate wa wishwa

Fasihi ya Kiswahili haikuanza jana kusema juu ya chakula cha maskini. Katika "Utendi wa Fumo Liyongo" ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa amefungwa gerezani kwa amri ya mtawala wa Pate. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada. Walinzi hukipokea chakula kizuri, wakakila wao, na mfungwa wakamwachia makombo. Liyongo akatumia ushairi wake kumpelekea mama ujumbe wa siri: apike mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa. Mkate ulipofika, walinzi waliudharau, kwa kuwa wishwa si chakula cha mtu anayejiheshimu. Wakauacha upite. Kwa tupa ile Liyongo alikata minyororo yake akatoka.

Wahakiki wamesifu akili ya Liyongo na uaminifu wa mama yake, na wana haki. Lakini jambo lililoifanya hila ile ifaulu ni dharau ya walinzi. Ulafi wao ulikuwa na mpaka. Waliutaka wali mzuri, hawakutaka wishwa. Umaskini wa chakula ukawa ngome yake. Katika ulimwengu wa utendi huo mnyonge ana chakula kimoja ambacho mwenye nguvu hatakigusa, na katika chakula hicho ndimo uhuru unamofichwa.

Yafaa kuuliza: ngome hiyo bado ipo?

5. Mkahawa Mshenzi

Hadithi ya Said Ahmed Mohamed inalijibu swali hilo kwa uchungu. Mahali ni Madongoporomoka, mtaa wa watu wa chini ulio ubavuni mwa jiji. Jina lenyewe lina madongo na lina kuporomoka, na mwandishi amelitunga ili msomaji asisahau kwamba kila kitu hapo kiko karibu na kuanguka. Wakazi wana hofu ya kuhamishwa, na miongoni mwao yupo Mzee Mago, mtu wa kufikiri na wa kuwazindua wenziwe, ambaye ana mkahawa. Mkahawa huo unaitwa Mkahawa Mshenzi.

Jina hilo lahitaji kutazamwa. "Mshenzi" ni neno ambalo katika historia ya pwani lilitumiwa na waliojiona waungwana kuwataja wasiokuwa wao, na baadaye wakoloni wakalipokea kwa furaha. Kuliweka mlangoni pa mkahawa ni kulinyang'anya ukali wake. Ni sawa na kufanya alivyofanya Liyongo: kujificha ndani ya dharau ya mwenye nguvu. Anayeona haya kuingia mahali paitwapo pa kishenzi na asiingie. Atakayeingia atakuta chakula alichokizoea, bei anayoiweza na watu anaowajua. Kwa maneno mengine, mkahawa wa Mzee Mago ni mkate wa wishwa wa Madongoporomoka.

Ndipo linapoingia Jitu. Linaingia mahali pasipolistahiki kwa vipimo vya hadhi, na linaagiza chakula chote kilichopikwa kwa ajili ya wateja. Linakila chote. Kisha linaahidi kurudi kula zaidi ya hapo. Hapa ndipo ufundi wa mwandishi unapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote katika hadithi. Walinzi wa Liyongo walichagua, Jitu halichagui. Ulafi wa kale uliacha wishwa. Ulafi wa sasa haujaacha kitu. Ngome ya chakula cha maskini imevunjwa, tena haikuvunjwa kwa mabuldoza. Ilikwisha kuvunjwa pale Jitu lilipokaa kitini na kuanza kula. Mabuldoza yaliyofuata, yakivibomoa vibanda chini ya ulinzi wa askari, yalikamilisha kwa chuma jambo lililoanzishwa kwa meno.

Sasa sarufi iliyoelezwa hapo juu inarudi na maana yake. Mwandishi amemnyima mlafi wake jina, na neno "jitu" lamtoa katika ngeli ya watu: Jitu *linakula*, Jitu *linashiba* au *halishibi*. Wahakiki wameliona hilo kuwa ukuzaji wa kawaida wa kuonyesha ukubwa na ubaya. Lakini likilinganishwa na desturi ya mkahawani, maana yake huongezeka. Mkahawani chakula hupandishwa hata kikapata upatanisho wa mtu. Jitu, kwa kula sehemu ya kila mtu, limemshusha mtu hata akapata upatanisho wa kitu. Mlaji wa sahani moja ni "Pilau hajalipa". Mlaji wa sahani zote si mtu tena, hata akilipa. Ni vigumu kusema kama mwandishi alikusudia ulinganisho huu. Lugha ilikuwa nao tayari, naye ni mwandishi anayejua kuiachia lugha ifanye kazi.

Tena kuna jambo la kiasi. Jitu haliibi chakula cha Mzee Mago, linakiagiza. Kisheria ni mteja. Hata ulaji wake ungeweza kutetewa kwa hoja ya soko: mwenye fedha na anunue. Ubaya wake hauonekani katika daftari la mauzo. Unaonekana katika macho ya waliofika kula wakakuta masufuria matupu. Mkahawa wa mazoea una ahadi isiyoandikwa kwamba aliyekula hapa jana atakuta chake leo. Jitu limenunua chakula, na pamoja na chakula limenunua ahadi ya watu wengine, jambo ambalo haliuzwi. Hoja hiyo ndiyo mfano mzima wa unyakuzi wa ardhi. Mnyakuzi naye aghalabu huja na hati mkononi.

6. Hatari ya hamu ya jana

Kusema hivi si kuwataka wahakiki waanze kuusifu mkahawa wa zamani kwa machozi. Hamu ya jana ina hatari zake, na methali imekwisha kuonya: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Anayekumbuka utamu wa maharagwe ya kibandani husahau moshi uliokuwa machoni mwa mpishi, saa alizoamka kuwasha moto, na deni la unga. Ukutani mwa mikahawa mingi palikuwa na bado pana methali nyingine, kukopa harusi kulipa matanga, na aliyeiandika hapo hakuwa akipamba. Alikuwa akiogopa. Starehe ya mlaji imesimama juu ya kazi ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke asiyetajwa.

Katika jambo hili hadithi yenyewe ina kasoro. Jitu limechorwa kwa wino mzito kuliko wateja wa kila siku. Msomaji hupewa picha kamili ya ulaji wa kutisha kuliko picha ya ulaji wa kawaida, na kazi ya kuwaza raha ya siku isiyokuwa na Jitu imeachiwa yeye. Msomaji aliyekulia mtaani ataifanya kazi hiyo bila shida. Msomaji wa darasani ambaye hajawahi kuketi kibandani atabaki na Jitu peke yake, na huenda hiyo ndiyo sababu moja ya ufafanuzi wa shuleni kuelemea upande mmoja. Hadithi fupi ina ufinyu wake; lakini ukurasa mmoja wa chai na mazungumzo kabla ya gari la Jitu kufika ungeufanya msiba uwe mzito zaidi.

Hatari ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Fasihi ya Kiswahili ina mfano wake mkuu wa kuomboleza majumba yaliyoporomoka, nao ni "Al-Inkishafi" ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Humo kumbi za matajiri wa Pate zilizong'aa kwa taa zimekuwa makao ya popo, na vidaka vilivyowekwa vyombo vya kaure vimekuwa viota. Funzo lake ni la dini: dunia hupita, na mwenye moyo na azinduke. Ni kishawishi kikubwa kuisoma Madongoporomoka kwa macho hayo, kuona kwamba mikahawa nayo hupita kama kumbi zilivyopita. Usomaji huo haufai. Pate ilianguka kwa miaka mingi, kwa vita, kwa biashara kuhama na kwa kudra. Mkahawa wa Mzee Mago haukuangushwa na kudra. Ulibomolewa na mtu kwa amri ya mtu. Mhakiki anayeugeuza ubomoaji kuwa majaaliwa, hata kama anafanya hivyo kwa huzuni ya kweli, amemwondolea Jitu lawama.

Na jambo lenyewe si la kubuni. Mwezi Mei 1990 mtaa wa Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya mashambani cha Nairobi, ulibomolewa na askari wa jiji, na wakazi wakapambana nao. Wengi wa watu wa mitaa ya namna hiyo walikuwa wachuuzi na wapishi. Vibanda vilivyovunjwa vilikuwa mahali pa kulala, na vilikuwa pia mahali pa kula kwa watu wasiokuwa wakazi: vibarua, makuli, makarani wa mshahara mdogo. Ripoti huhesabu nyumba. Fasihi ina wajibu wa kuhesabu sahani.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba "Tumbo Lisiloshiba" ni hadithi ya matumbo ya namna mbili. Liko tumbo la kichwa cha hadithi, na yako matumbo yasiyotajwa kichwani, yale yanayoshiba. Hayo ya pili ndiyo kipimo cha lile la kwanza. Mtu ashibaye kwa sahani moja, akalipa, akasikiliza habari, akaondoka, ni raia wa kweli wa mkahawa, na raha yake si jambo dogo la kupuuzwa na uhakiki uliozoea mambo makubwa. Uhakiki wa kitabaka umefanya kazi muhimu katika masomo ya Kiswahili tangu miaka ya 1970, na hapana sababu ya kuuacha. Lakini tabaka la chini halikai likionewa tu mchana kutwa. Hula pia, hucheka pia, na huwa na mahali linapopapenda. Wakazi wa Madongoporomoka hawakubali kuondoka, na kukataa kwao hakuelezeki kwa njaa peke yake, kwani mwenye njaa tupu hufuata chakula popote kilipo. Kukataa kwao kunaelezwa na kupapenda mahali.

Kwa walimu wa fasihi pendekezo ni moja. Hadithi hii ifundishwe sambamba na utendi wa Liyongo, mkate wa wishwa ukiwekwa mezani pamoja na chakula cha Mzee Mago, na wanafunzi waulizwe kwa nini walinzi waliuacha mkate na Jitu halikuacha hata wali mmoja. Kwa wanaisimu, lugha ya mhudumu wa hoteli ikusanywe na kuchunguzwa kabla haijafa pamoja na vibanda vyake. Sarufi iliyomfanya mlaji wa pilau kuwa "Pilau" ilitungwa na watu wenye haraka, mikono ikiwa imejaa sahani, nao walijua kumtofautisha mtu na jitu.